Chuma Kidogo, Povu Jingi

Tone la maji likidondokea jani la mgimbi halitandi. Hujikusanya likawa duara, likaviringika hadi ncha ya jani na kuanguka. Jani lenyewe lina nta, lakini kinachoyafanya maji yajikunje hivyo ni nguvu ambayo wanafizikia huiita mvutano wa uso. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, na zile zilizo juu kabisa, kwa kuwa upande wa hewani hazina wenzao, huvutwa ndani kwa nguvu zaidi. Katika maji safi nguvu hiyo ni kama milinewtoni 72 kwa mita. Ukitia sabuni inashuka hadi chini ya 40, na hapo ndipo maji yanapoweza kupenya kitambaa na kuyabeba mafuta. Kemikali yoyote yenye uwezo huo huitwa safaktanti. Ikitengenezwa na kiumbe hai, kwa kawaida bakteria au chachu, huitwa biosafaktanti.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wa nchi kadhaa wamekuwa wakiwalisha bakteria chembe za chuma zenye upana unaopimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni ya mita, ili watoe biosafaktanti nyingi zaidi. Ukisoma ripoti zao moja moja utadhani wazo hilo limezuka juzi. Kwa kweli lina mizizi mirefu. Sabuni ya bakteria ilijulikana kabla wengi wetu hatujazaliwa. Iliyokwama ni namna ya kuipata kwa wingi na kwa bei ya watu. Na kila mara watafiti walipolikabili tatizo hilo, walijikuta mbele ya madini yaleyale: chuma.

Beseni la Braunschweig, 1882–1891

Elimu ya uso wa maji inamdai mwanamke ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 na kukulia Braunschweig, Ujerumani, wakati ambapo vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Mdogo wake, Friedrich, alisomea fizikia Göttingen na kumtumia vitabu. Agnes alibaki nyumbani akiuguza wazazi na kuosha vyombo, na akiwa kwenye maji ya vyombo alianza kujiuliza kwa nini mafuta kidogo tu hubadili tabia ya uso mzima wa maji.

Alijitengenezea beseni refu la bati, akalijaza maji hadi ukingoni, akaweka juu yake ukanda mwembamba wa bati wa kugawa uso wa maji sehemu mbili. Akiusogeza ukanda huo, aliweza kuubana au kuutanua utando wa mafuta uliokuwa upande mmoja. Kisha alining'iniza kisahani kidogo kama kitufe kwenye mizani ya mfamasia, akakigusisha maji na kupima nguvu iliyotakiwa kukibandua. Alifanya hivyo kwa miaka. Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza kumweleza matokeo yake. Rayleigh aliona uzito wa barua hiyo, akaitaka ichapishwe katika jarida la Nature, na ikatoka Machi mwaka huohuo. Mmarekani Irving Langmuir aliliboresha beseni hilo na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huohuo Agnes, akiwa na miaka 70, alipewa shahada ya heshima na chuo cha mjini kwake. Mambo mengi yanayopimwa leo katika utafiti wa biosafaktanti yanarudi kwenye swali lake: ni kiasi gani cha kitu fulani kinatosha kulegeza uso wa maji?

Vita na mito ya povu, 1916–1965

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilizingirwa baharini, na mafuta ya kupikia yakawa adimu. Kupika sabuni kwa mafuta ambayo watu walihitaji kula ilikuwa anasa. Fritz Günther wa kampuni ya BASF akatengeneza safaktanti kutokana na makaa ya mawe. Haikung'arisha nguo sana, lakini ilionyesha kwamba sabuni yaweza kupatikana bila mafuta ya mnyama wala mmea. Miaka ya 1930 zikafuata Fewa nchini Ujerumani na Dreft huko Marekani, na mwaka 1946 ikaja Tide. Baada ya hapo malighafi ilikuwa petroli, na bei ikawa nafuu kiasi cha kuifuta kabisa sabuni ya kale katika mashine za kufulia.

Deni lake lilidaiwa mitoni. Safaktanti ya petroli iliyotumika zaidi ilikuwa na mkia wenye matawi, na bakteria wa majini walishindwa kuutafuna. Maji machafu yakapita kwenye mitambo ya kusafishia na kutoka bado yana sabuni. Kwenye maporomoko na milango ya mabwawa povu likapanda kama mlima na kupeperushwa na upepo hadi barabarani. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961 iliyoanza kutumika 1964, na huko Marekani viwanda vilihamia kwenye mkia ulionyooka kufikia 1965. Kwa mara ya kwanza ubora wa sabuni ulipimwa kwa kuuliza kama bakteria wanaweza kuila.

Dawa ya kifua kikuu isiyotimia, 1946–1968

Wakati viwanda vinahangaika na povu, maabara nyingine zilikuwa tayari zimekutana na bakteria watengenezaji wa sabuni, ila kila moja ilikuwa ikitafuta kitu kingine.

Bakteria wa kwanza alijulikana kwa rangi. Mwaka 1882 Mfaransa Carle Gessard alichunguza bandeji zilizolowa usaha wa bluu na kijani, akamtenga kiumbe ambaye leo anaitwa Pseudomonas aeruginosa. Mwaka 1946, Sune Bergström, Hugo Theorell na mwenzao Davide huko Sweden walipata kwa bakteria huyo kitu cha mafuta walichokiita asidi ya pyolipiki. Walikipenda kwa sababu kiliwazuia bakteria wa kifua kikuu. Streptomaisini ilikuwa imeshagunduliwa na ndiyo iliyoingia hospitalini, kwa hiyo asidi yao haikuwa dawa. Wawili kati yao walipata Nobel baadaye kwa kazi nyingine, Theorell mwaka 1955 na Bergström mwaka 1982. Mwaka 1949 F. G. Jarvis na M. J. Johnson wa Marekani walieleza umbile la kitu hicho: sukari ya ramnosi imeungwa na asidi za mafuta. Ndiyo maana kikaitwa ramnolipidi. Kichwa cha sukari kinapenda maji, mkia wa mafuta unayakimbia, na molekuli hujipanga mpakani mwa maji na mafuta.

Mwaka 1961, Gorin, Spencer na Tulloch wa Canada wakaeleza soforolipidi, inayotolewa na chachu. Kisha mwaka 1968 Kei Arima na wenzake wa Japani walikuwa wakitafuta kitu cha kuzuia damu isigande. Walikipata kwa Bacillus subtilis, jamaa wa karibu wa bakteria anayechachusha soya kuwa natto. Walipokipima kwenye maji waliona nguvu ambayo hawakuitarajia: kiasi kidogo mno kiliteremsha mvutano wa uso kutoka 72 hadi 27. Wakakiita safaktini, na hadi leo ni miongoni mwa biosafaktanti zenye nguvu kuliko zote.

Bakteria hana nguo za kufua, na gharama ya kutengeneza molekuli hizi kwake ni kubwa. Huzitoa ili ayafikie mafuta anayotaka kuyala, ateleze juu ya uso mgumu pamoja na kundi lake, au awafukuze washindani. Hili ni muhimu kulishika, kwa sababu kila jaribio la baadaye la kumfanya atoe nyingi lilikuwa, kwa namna moja au nyingine, jaribio la kumshawishi kwamba anazihitaji.

Cornwall, Machi 1967

Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon, iliyobeba zaidi ya tani 100,000 za mafuta ghafi, iligonga mwamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza. Serikali ilijibu kwa kumwaga maelfu ya tani za sabuni za viwandani baharini na ufukweni. Wanajeshi walizimwaga kutoka kwenye mapipa moja kwa moja juu ya miamba.

Mafuta yaliondoka machoni. Lakini sabuni zenyewe zilikuwa zimechanganywa na viyeyusho vikali, na ziliua kuliko mafuta. Konokono wa baharini wanaoganda mwambani na kula mwani walikufa kwa wingi. Miezi michache baadaye miamba iliyokuwa imemwagiwa sabuni iligeuka kijani kibichi, kwa kuwa hakukuwa na wa kuula mwani. Sehemu ambazo hazikuguswa na sabuni zilipona mapema. Zile zilizosafishwa kwa bidii zaidi zilichukua miaka kumi na zaidi kurudi katika hali yake. Watafiti wa baharini wa Plymouth waliliandika tukio hili kwa makini, na maandishi yao yalibadili fikra za kizazi kizima. Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali: bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani, Tanga, penye mikoko, matumbawe na wavuvi. Msomaji wa Tanga ana kila sababu ya kuijua habari ya Cornwall.

Swali lililobaki lilikuwa dhahiri. Je, ipo sabuni inayoweza kuyatawanya mafuta bila kuua, na ikaliwa na viumbe walewale wa majini kazi ikiisha?

Miaka ya mafuta ghali, 1973–1990

Bei ya petroli iliporuka mwaka 1973 na tena 1979, biosafaktanti zilipata wafadhili. Mafuta mengi hubaki ardhini kisima kinapoachwa, yakiwa yamekwama kwenye mawe, na Claude ZoBell wa California alikuwa amesema tangu miaka ya 1940 kwamba bakteria wanaweza kuyalegeza. Sasa wazo lake lilikuwa na thamani ya fedha. Huko Tel Aviv, Eugene Rosenberg na David Gutnick walimchunguza bakteria aliyekula mafuta ghafi, wakampa jina RAG-1. Walitaka kusafisha matangi ya meli, wakapata emulsan, kitu kinachoyafunga mafuta katika matone madogo yasiyoungana tena. Kilipewa hataza na kuingizwa sokoni kupitia kampuni ya Marekani.

Machi 1989 meli Exxon Valdez ilipasuka Alaska. Mwaka uliofuata kundi la watafiti, akiwemo Ananda Chakrabarty ambaye bakteria wake wa kula mafuta ndiye aliyesababisha uamuzi maarufu wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1980 kuhusu hataza za viumbe hai, lilichapisha jaribio dogo lenye maana kubwa. Walichukua kokoto za Alaska zilizopakaa mafuta, wakaziosha kwa maji yenye biosafaktanti ya Pseudomonas. Mafuta yalitoka kwa kiasi kikubwa kuliko kwa maji matupu.

Kwa hiyo dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kiasi cha kujaza pipa. Safaktanti ya petroli ilitoka kiwandani kwa maelfu ya tani. Ya bakteria ilitoka kwa gramu. Chakula cha bakteria kiligharimu, hewa ya kuwapuliza iligharimu, na povu lenyewe lilikuwa adui: ukipuliza hewa ndani ya tangi lenye bakteria anayetengeneza sabuni, tangi linafurika. Kisha kuitenga sabuni na maji, seli na mabaki ya chakula kulikula sehemu kubwa ya fedha zote. Mwaka 2010 jukwaa la Deepwater Horizon lilipolipuka Ghuba ya Mexico, karibu lita milioni 7 za dawa za kutawanya mafuta zilitumika, na zilikuwa za viwanda vya kemikali. Hakuna aliyekuwa na lita milioni 7 za kitu kingine.

Njaa ya chuma, 1981–2010

Mwaka 1981 D. G. Cooper, Naim Kosaric na wenzao huko London, mji ulioko Ontario, Canada, waliamua kulitumia povu badala ya kupigana nalo. Waliweka bomba juu ya tangi la Bacillus subtilis, povu likapanda lenyewe na kuingia kwenye chupa nyingine, likatulia na kuwa maji mazito yaliyojaa safaktini. Kila povu lilipotoka, bakteria waliendelea kutengeneza. Hilo peke yake lilistahili makala. Lakini katika kazi hiyohiyo walijaribu pia kuongeza chumvi za madini, moja baada ya nyingine, na chumvi za chuma na manganizi zikaongeza mavuno.

Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Zürich, Uswisi, watafiti Guerra-Santos, Käppeli na Fiechter walikuwa wakiotesha Pseudomonas mfululizo katika tangi linaloingiza chakula kipya na kutoa cha zamani. Wao waliona kinyume. Ramnolipidi iliongezeka pale nitrojeni na chuma vilipopunguzwa. Bakteria mmoja alitoa sabuni aliposhibishwa chuma, mwingine aliponyimwa.

Mgongano huu haukuwa kosa la upande wowote, na naona hapa ndipo historia hii inapopata uti wa mgongo wake. Chuma kinahitajika na karibu kila bakteria, kwa kuwa vimeng'enya vya kupumulia vinajengwa juu yake. Lakini penye hewa chuma hushika kutu, na kutu haiyeyuki. Bakteria anaweza kuzungukwa na chuma na bado akafa njaa. Ndiyo maana wengi hutoa molekuli maalumu, zinazoitwa siderofori, kwenda kukinyakua. Kwa Pseudomonas, uhaba wa chuma ni habari ya kwamba mahali hapa hapafai kujenga makazi. Mwaka 2010 watafiti wakiwemo Ehud Banin na Peter Greenberg walionyesha kwamba chuma kikiwa haba bakteria huyo huongeza ramnolipidi na kuteleza juu ya uso aliopo badala ya kujikusanya na kutulia. Sabuni yake ni ya safari. Kwa Bacillus hesabu ni nyingine: chuma kikitosha seli huongezeka, na seli nyingi hutoa safaktini nyingi.

Mwaka 1998 Yu-Hong Wei na I-Ming Chu wa Taiwan walilifuata jambo hilo mpaka mwisho wake. Walimwongezea Bacillus chuma kwa kiwango kikubwa kuliko kilichozoeleka, na safaktini ikapanda hadi takriban gramu 3.5 katika kila lita, mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa. Lakini chuma kingi kililiongezea tangi asidi, na asidi ilipozidi, uzalishaji ulikwama. Ikabidi wenzao wajifunze kuidhibiti asidi. Mwaka 2005 Taiwan ilitoa ugunduzi mwingine ambao haukuhusu chuma hata kidogo: bakteria hao walipotiliwa punje za mkaa ulioamilishwa, safaktini iliongezeka tena kwa kiasi kikubwa sana, kwa sababu seli zilipata mahali pa kushikilia. Watu wachache waliliunganisha wazo hilo na lile la chuma wakati huo. Moja lilisema mpe bakteria madini, jingine likasema mpe punje ngumu. Kilichokuja baadaye kilikuwa punje ngumu ya madini.

Upande wa jeni, Ochsner, Fiechter na Reiser, tena wa Zürich, walizitambua mwaka 1994 jeni zinazojenga ramnolipidi, na muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba zinawashwa pale bakteria wanapohisi wamekuwa wengi. Habari hii itarudi viwandani.

Chembe za nano zinaingia, 1997–2010

Chembe ndogo kiasi hiki hazikuwa ngeni kwa sayansi. Michael Faraday alitengeneza dhahabu ya namna hiyo mwaka 1857 na kuishangaa rangi yake nyekundu. Richard Feynman alitoa hotuba yake maarufu kuhusu udogo mwaka 1959, na neno nanoteknolojia likatumiwa na Mjapani Norio Taniguchi mwaka 1974. Kwa habari yetu mwaka wa maana ni 1997, ambapo Wei-Xian Zhang na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walitengeneza chembe za nano za chuma ambacho bado hakijashika kutu ili zisafishe maji ya ardhini yenye sumu za viwandani. Nguvu yake ilitokana na hesabu rahisi. Ukiivunja gramu moja ya chuma mara nyingi sana, uzito haubadiliki, lakini eneo linalogusana na maji linaongezeka mara nyingi mno.

Wanabiolojia hawakuzipokea kwa furaha. Mwaka 2008 watafiti wa Korea Kusini na Marekani walionyesha kwamba chembe hizo zinaua bakteria E. coli, na zinaua zaidi pale ambapo oksijeni imeondolewa na kutu haijazifunika. Chuma kilichoingia mwilini kwa wingi huzaa molekuli kali za oksijeni zinazotoboa ngozi ya seli.

Wakati huohuo, wataalamu wa biosafaktanti walikuwa wanazifikia chembe za nano kwa njia tofauti kabisa. Nchini India mwaka 2009 ramnolipidi ilitumiwa kutengeneza chembe za oksidi ya nikeli, na mwaka 2010 George Seghal Kiran na Joseph Selvin walitumia biosafaktanti ya bakteria wa baharini kutengeneza chembe za fedha. Molekuli za sabuni huzizunguka chembe zinapozaliwa na kuzizuia zisishikamane. Kwa hiyo maabara hizi zilikuwa na vitu vyote viwili mezani, bakteria na chembe, kabla ya mtu kuuliza itakuwaje vikikutanishwa kwa kinyume.

Houston na Pondicherry, 2013–2014

Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Chuo Kikuu cha Houston mwaka 2013, katika kundi la Cumaraswamy Vipulanandan. Houston ni mji wa petroli, na kundi hilo lilikuwa na bakteria wa jenasi Serratia anayetoa biosafaktanti. Walitengeneza chembe za chuma kwa njia ya povu, zikatoka zenye umbo la sindano, na unene wake kama nanomita 30. Kisha wakazitia kwenye chakula cha bakteria kwa viwango tofauti.

Miligramu 1 katika lita moja iliongeza ukuaji wa bakteria kwa 57% na biosafaktanti kwa 63%. Walipotia gramu 1, mara 1,000 ya hapo, ukuaji ulipungua kwa 77% na biosafaktanti haikuonekana tena. Ni suala la kipimo, kama chumvi mchuzini. Kilichonivutia zaidi ni hatua mbili walizoongeza, kwa kuwa zinatofautisha kazi makini na ya haraka. Kwanza waliichukua biosafaktanti iliyokwisha kutengenezwa, wakaichanganya na chembe zilezile, na haikuharibika. Maana yake chembe ziliwaathiri bakteria, hazikuigusa sabuni yao. Pili, waliwatoa bakteria walioathirika na kuwaotesha upya pasipo chembe. Wakaanza kutoa sabuni tena. Madhara yalikuwa ya muda.

Mwaka uliofuata kundi la Kiran na Selvin, katika Chuo Kikuu cha Pondicherry, kusini mwa India, walichapisha kazi inayofanana lakini kwa kiumbe na mazingira tofauti. Bakteria wao alikuwa Nocardiopsis wa baharini, na hawakumwotesha ndani ya tangi la maji. Walimwotesha juu ya chakula kigumu chenye unyevu. Kwa nchi yenye makapi mengi ya mashambani njia hiyo ni nafuu: haihitaji maji mengi wala umeme mwingi wa kupuliza hewa, na povu halifuriki. Walipoongeza chembe za nano za chuma, biosafaktanti ilipanda kwa 80%.

Kwa nini chembe zifanye kazi ambayo chumvi ya kawaida ya chuma haifanyi vizuri? Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba chumvi huyeyuka yote kwa mpigo, ikashika kutu na kutuama chini, ilhali chembe huachia chuma taratibu mahali pale penye seli. Eneo lake kubwa husaidia pia vimeng'enya na seli kushikilia. Ukiyatazama maelezo haya utaona kwamba yanaziunganisha kazi za Ontario na za Taiwan: madini ya Cooper, chuma cha Wei na Chu, na punje za mkaa. Lakini onyo la Zürich halijafutika. Pseudomonas bado ni Pseudomonas. Watafiti wa Iran waliomjaribu kwa chembe za chuma na silika walipata ongezeko, jambo linaloonyesha kwamba hata bakteria anayependa kubaniwa chuma anakihitaji kiasi fulani akue kwanza, na kipimo kinapaswa kutafutwa upya kwa kila kiumbe, kila chakula na kila umbo la chembe. Anayechukua namba ya Houston na kuipeleka kwa bakteria mwingine anacheza bahati nasibu.

Kutoka chupa hadi kiwanda, 2019 na kuendelea

Viwanda vikubwa vilivuka kwa daraja jingine. Kampuni ya Evonik ya Ujerumani ilichukua jeni za ramnolipidi zilizotambuliwa Zürich na kuzitia katika bakteria asiyeleta ugonjwa, Pseudomonas putida, anayelishwa sukari. Mwaka 2019 Unilever iliweka ramnolipidi hiyo katika sabuni ya kuoshea vyombo iliyouzwa Chile. Mwanzoni mwa 2024 Evonik ilianza kutoa bidhaa za kiwanda chake kipya cha Slovenská Ľupča, Slovakia. Hatua hiyo iliondoa hofu kubwa ya kutumia P. aeruginosa, bakteria ambaye bado anaua wagonjwa wa majeraha ya moto na mapafu hospitalini.

Njia ya chembe za nano haina kiwanda cha namna hiyo, na vikwazo vyake vinaeleweka. Chembe zinazoelea vizuri katika chupa ya maabara hushikamana zikiwa nyingi, zikapoteza udogo uliozipa nguvu. Hewa inayopulizwa katika tangi kubwa huzishikisha kutu kabla hazijamfikia bakteria. Na mabaki yake lazima yatoke kabla sabuni haijaingia kwenye krimu ya ngozi au kumwagwa baharini, la sivyo tutakuwa tumerudia kosa la Cornwall kwa kitu kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Chembe za magnetiti zina nafuu hapa, kwa kuwa sumaku inaweza kuzivuta zote upande mmoja wa tangi na kuziacha seli na sabuni.

Faida yake ni kwamba haimdai mtu kubadili jeni wala kununua mtambo mpya. Maabara yenye bakteria wake wa kienyeji, molasi ya kiwanda cha sukari au mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, na miligramu chache za chuma inaweza kuanza. Kazi inayosubiri ni kupima, kiumbe kwa kiumbe, kipimo kati ya ile miligramu 1 na ile gramu 1 za Houston, katika matangi ya lita 100 na zaidi, na kuandika gharama ya kila kilo ya sabuni itakayotoka.